Mfungo wa Kinyozi

Kinyozi hakuwa na tumbo la kufunga. Daktari alikwishamwambia wazi kwamba vidonda vyake vya tumbo havitaki mchezo, na siku atakayoshinda na njaa ndiyo siku atakayofikishwa hospitali akiwa amebebwa. Kwa hiyo kila Kwaresima ilipoingia, waumini wenzake wakikaza mikanda, yeye alikula kama kawaida, tena kwa saa maalumu, na jambo hilo lilimuuma kuliko vidonda vyenyewe. Mwaka uliopita alijaribu kuacha sukari. Jumatano ya Majivu alikunywa chai chungu, Alhamisi akaikunjia uso, Ijumaa akasema Mungu ana makubwa ya kuangalia kuliko kikombe cha mtu, akachota vijiko vitatu.

Mkewe siku hiyo alicheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa mwanamke wa kucheka na wa kusema. Tangu udogoni walimbandika jina la Cherehani, kwa sababu ulimi wake ukishaanza kukimbia hausimami mpaka kitambaa kiishe, na jina likamganda hadi ukubwani. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli, chumba cha chini kisicho na dirisha, ambako mvuke ulifanya hata kuta zitoe jasho. Kutwa nzima alisimama akinyoosha shuka za watu asiowajua, mashine zikinguruma kiasi kwamba kusemezana na mwenzako ilikuwa mpaka mpigiane kelele. Basi maneno yote ya mchana aliyabeba hadi nyumbani. Jioni, akimenya viazi, aliyamwaga: nani kaunguza foronya, nani kaachwa na mume, nani kapandishwa cheo na kwa sababu gani. Kinyozi aliitikia "mh" na "eh", na Cherehani hakuhitaji zaidi ya hapo. Hawakuwa na mtoto. Walikwishamaliza kulilia jambo hilo zamani, au ndivyo alivyodhani Cherehani, na nyumba yao ya vyumba viwili ilijazwa na sauti yake.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majivu padri alihubiri kwamba kufunga si habari ya tumbo tu. Aliwaambia kila mmoja ajinyime kitu ambacho kikiondoka ataona pengo, ili Mungu apate mahali pa kukaa. Cherehani alimwona mumewe ananyanyua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa. Njia nzima ya kurudi alitembea hatua chache mbele, akiwaza. Cherehani naye alikuwa na mpango wake: mwaka huu wafunge pamoja, yeye kwa chakula, mume kwa lolote atakaloliweza, na kila jioni wasali rozari wamepiga magoti bega kwa bega, kama walivyofanya mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Alikuwa akisubiri wakati mzuri wa kumwambia.

Kinyozi akamtangulia. Jumanne jioni, baada ya kula, alisogeza sahani pembeni akasema amepata cha kujinyima. Mkewe akamuuliza ni nini.

"Wewe," akasema.

Cherehani akadhani anataniwa. Akaanza kutafuta jibu la kumrudishia, lakini uso wa mumewe haukuwa wa mzaha.

"Nikipiga magoti nasikia sauti yako, sisikii ya Mungu," Kinyozi akaendelea. "Kuanzia kesho mpaka Pasaka sisemi na wewe, na wewe usiseme na mimi. Simu nayo naizima. Hata nyumba ikiungua, usinisemeshe."

Akamuuliza, na rozari je. Akajibiwa kwamba kila mtu atasali kivyake. Kisha Kinyozi akazima simu, akaiweka juu ya kabati, akaenda kulala na furaha ya mtu aliyepata shati jipya linalomkaa.

Siku za mwanzo Cherehani alizichukua kama mchezo. Alimsemesha kikombe badala ya mumewe, akamwambia sufuria habari za dobi kwa sauti ya kutosha mtu wa chumba cha pili asikie. Kinyozi aliinuka akafunga mlango. Akitaka chumvi alinyoosha kidole. Akitaka maji aligonga meza kwa kijiko, mara mbili, kama watu wanavyomwita mhudumu. Ijumaa ya kwanza Cherehani akazidiwa na utundu, akapiga kelele kwamba kuna nyoka jikoni. Kinyozi alitoka mbio na ufagio mkononi, akapekua chini ya meza na nyuma ya debe la maji, mpaka akamwona mkewe amejishika mdomo anacheka. Alimtazama kwa muda mrefu, akaurudisha ufagio mahali pake taratibu, na tangu hapo mkewe akifungua tu mdomo, yeye aliinua kiganja na kumpa kisogo.

Kufikia juma la pili kicheko kilikwishaisha. Cherehani alifunga kweli. Alikula mlo mmoja jioni, tena mdogo, na mchana alisimama kwenye meza ya pasi kwa maji matupu. Lakini njaa ya tumbo aliiona nyepesi. Aliyoshindwa kuizoea ni ile ya kurudi nyumbani na kumkuta mtu anayemtazama kama kiti. Alisali Mungu amsaidie asimchukie mumewe. Alisali hivyo kwa nia safi, na siku nyingine alifaulu.

Mwenzake wa dobi, mwanamke ambaye mumewe alinyolewa kwa Kinyozi, ndiye aliyemchoma bila kukusudia. Alimwambia kwamba siku hizi saluni ni raha tupu, Kinyozi amechangamka, anaongea mpaka watu waliokwishanyolewa hawataki kuondoka, na kwamba habari ya mfungo wake imeenea mtaa mzima, watu wanamwita mtakatifu. Cherehani alikuwa na pasi mkononi. Aliiacha juu ya foronya hadi harufu ikamshtua.

Ndipo simu ya wifi ilipoingia.

Wifi, dada yake Kinyozi, alikaa na mama yao mji wa mbali, mwendo wa kutwa kwa basi. Alisema Mama ameanguka bafuni, amevunjika nyonga, na kwamba simu ya kaka yake haipatikani. Cherehani alimwambia atulie, atamfikishia. Alimpenda mama mkwe wake. Wakati ule ndugu wa mume waliponong'ona kwamba Kinyozi atafute mke mwingine wa kumzalia, ni yule mama aliyewafukuza sebuleni kwake, akasema huyu ni mwanangu, anayemtaka aondoke aanze yeye.

Kinyozi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Cherehani alisimama mlangoni, akasema, "Wifi kapiga simu. Mama—"

Kiganja kikainuka. Akajaribu tena, akisema si mchezo, kuna jambo limempata Mama. Kinyozi akaziba masikio kwa vidole viwili na kupandisha sauti ya sala, "utuombee sisi wakosefu" ikatoka kama anamfokea mtu. Alipoona mkewe hatoki, akatoka yeye, akaenda kumalizia sala yake uani, kwenye giza.

Kesho yake asubuhi Cherehani alimvizia mumewe akinyoa ndevu. Alisema neno moja tu, "Hospitali," na Kinyozi akafungua bomba hadi mwisho.

Angeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Cherehani hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Mchana aliomba ruhusa kazini, akavaa kitenge kizuri juu ya gauni la kazi, akaenda saluni. Alijiambia mbele za watu mumewe hatathubutu kuziba masikio, ataona haya. Alipofika alisimama nje kwanza, kando ya mlango, ajipange. Pazia la shanga lilikuwa limeshushwa. Ndani mashine ya kunyolea ilikuwa ikiunguruma, na sauti ya mumewe, ambayo hakuwa ameisikia ikizungumza kwa majuma manne, ilimfanya atabasamu peke yake pale nje kabla hajaelewa inasema nini.

Mteja mmoja alikuwa akimuuliza, je, shemeji akiwa na habari ya maana itakuwaje. Ilisikika ni sauti ya mtu mzima, yenye wasiwasi.

"Cherehani?" Kinyozi akasema. "Mtoto tu imemshinda kuniletea, habari ndiyo ataiweza?"

Wakacheka. Si wote, kuna aliyekohoa. Lakini kilikuwa kicheko cha kutosha kujaza chumba, na katikati yake mashine haikusimama, kwa hiyo Cherehani alijua mumewe alilisema huku mkono wake ukiendelea na kazi, kama mtu anayesema hali ya hewa.

Hakuingia. Alirudi dobini, akavua kitenge, akamaliza shuka zilizobaki. Mwenzake alimuuliza kama amefanikiwa. Akasema ndiyo. Yule mwanamke angeweza kumtuma mumewe kwa neno moja tu, akienda kunyolewa amwambie Kinyozi mama yake yuko kitandani. Cherehani alilifikiria hilo, alilifikiria vizuri sana huku akikunja pembe za shuka, na hakusema. Aliambiwa hata nyumba ikiungua. Basi.

Mwisho wa juma wifi akapiga tena: nyonga ilikuwa imeleta kichomi, Mama anahema kwa shida, madaktari wamesema arudishwe nyumbani akae na watu wake. Anamtaka mwanawe. Cherehani aliomba likizo, akapika chakula cha siku kadhaa akakipanga kwenye bakuli zenye vifuniko, akafunga begi. Kinyozi alimkuta mlangoni na begi, akapisha njia. Baadaye ilijulikana kwamba aliwaambia wateja wake mwanamke amenuna, amekwenda kwao, na Mungu amemzidishia utulivu.

Alipofika, Mama alikuwa amekwisha kwa kukonda. Mwili uliokuwa mpana ulikuwa umenywea ukabaki kama nguo iliyoachwa kitandani. Cherehani alimwosha, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko, alimfuta mdomo. Kwa siku kadhaa ulimi wake ukapata kazi tena. Alimsimulia habari za dobi, na mara moja au mbili mama mkwe alitabasamu. Lakini kila alipofumbua macho baada ya usingizi alitazama kwanza mlangoni, kisha akamtazama Cherehani.

"Amekuja?"

"Yuko njiani, Mama."

Mara ya kwanza lilitoka lenyewe, neno la kumtuliza mgonjwa. Mara ya pili alilisikia mwenyewe likitoka, akajua ni uongo gani na unamtumikia nani. Wifi, aliyekuwa akipasha maji ya kukanda miguu ya Mama, alimvuta nje akamuuliza kaka yake ana nini. Wifi alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini siku hiyo alikuwa na uso wa kuomba. Akasema kama ni nauli atatuma yeye, kama ni ugomvi wa mke na mume wauweke kando, na kama Cherehani amechoka kusema basi atafutwe mtu yeyote wa pale mtaani apelekwe saluni leo hii.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Cherehani alimwona mumewe katika akili yake, mkono unaendelea na kazi, mdomo unasema. Akamwambia wifi hakuna haja ya kutuma mtu.

"Nimeshamwambia," alisema. "Amesema ana nadhiri na Mungu."

Hakuna neno hata moja ndani ya jibu hilo ambalo mtu angeweza kulishika na kusema ni la uongo kabisa. Wifi akatema mate pembeni, akarudi ndani, na hakumtaja kaka yake tena.

Mama alikata roho Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya Matawi, mchana kweupe, jua likiwa limejaa chumba. Alikuwa ameuliza asubuhi, akajibiwa. Alipouliza tena sauti haikutoka, midomo tu ilitikisika, na Cherehani akajibu vilevile. Dakika zile za mwisho hakutazama mlangoni. Alimtazama mkwewe, moja kwa moja, kwa macho ambayo Cherehani hakuweza kujua kama yanamshukuru au yanamjua.

Walizika Jumatatu. Baba mdogo aliuliza mtoto wa kiume yuko wapi, wifi akasema amefunga, hivyo tu. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema basi tusimngoje, atakuta tumemaliza. Cherehani alitupa udongo wake akaangua kilio, ikabidi ashikwe, na wanawake wakasema kweli huyu mkwe alimpenda mama. Alilia kilio cha kweli. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba kilio kilikuwa cha kweli.

Alirudi Alhamisi Kuu. Kinyozi alikuwa amekula chakula chote na kuosha bakuli. Jioni kanisani watu walikuwa wamepanga foleni kuungama kabla ya misa, Cherehani akasimama nao. Alipobakiza watu wachache mbele yake akaanza kujipanga nini cha kusema, akijua sharti la kwanza ni kujuta. Akajipekua. Majuto ya Mama aliyakuta, mengi, yamejaa kifua. Ya mumewe hakuyakuta. Alitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia kwa kiganja, na hakukuta chochote isipokuwa hamu ya kuiona Jumapili. Akatoka kwenye foleni, akampisha aliyekuwa nyuma yake.

Ijumaa Kuu alivaa gauni jeusi. Kinyozi alimtazama kutoka juu hadi chini akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani mkewe ameingiwa na roho ya siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Majivu kumpa ishara yoyote isiyo ya kuagiza kitu.

Jumapili ya Pasaka Kinyozi aliamka mapema. Alikuwa amewaalika wateja watatu na mwenyekiti wa jumuiya waje kula, maana alitaka afungue mfungo wake mbele ya mashahidi. Na kanisani padri, ambaye habari zilimfikia kwa njia za watu, alisema bila kutaja jina kwamba kuna mume mmoja parokiani aliyewafundisha wote nini maana ya kujinyima. Cherehani alipika kuku na wali. Aliandaa vizuri. Alimwaga maji ya kunawa, akakaa kwenye kiti chake mwisho wa meza.

Kinyozi alisimama. Alikuwa amelipanga neno lake, ilionekana. Alisema amesafiri mbali bila kutoka nyumbani, amekutana na Mungu mahali ambapo zamani palikuwa na kelele, na kwamba shukrani zote zimwendee mkewe aliyevumilia. Mwenyekiti akaitikia amina. Kinyozi akamgeukia Cherehani, macho yamelowa, akamnyooshea mikono miwili.

"Sasa sema, mke wangu," akasema. "Sema yote uliyoyaweka."

Wageni wakacheka kwa upole, mmoja akapiga makofi.

"Mama amezikwa Jumatatu," Cherehani akasema.

Tabasamu la Kinyozi lilibaki pale pale, kwa kuwa halikupata muda wa kuondoka.

"Mama nani?"

"Mama yako."

Mwenyekiti aliweka kijiko chini. Mteja mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aliinamisha kichwa, na Cherehani akahisi huyo ndiye aliyeuliza swali siku ile. Wakaondoka mmoja mmoja wakishika mabega ya Kinyozi wakimwambia pole, pole sana. Yeye alikuwa bado amenyoosha mkono mmoja.

Walipobaki wawili aliuliza maswali ya kawaida, kwa sauti ya kawaida: lini, kwa ugonjwa gani, nani alikuwepo. Mkewe alimjibu yote. Aliuliza kwa nini hakuambiwa. Akajibiwa kwamba aliambiwa mara mbili, mara moja akaziba masikio, mara ya pili akafungua bomba.

"Ungekuja saluni," Kinyozi akasema. "Ungekuja tu saluni."

"Nilikuja. Nilifika mpaka kwenye pazia. Ulikuwa unawaambia kwamba mtoto tu imenishinda."

Alimwona akikumbuka. Haikumchukua muda. Kinyozi akakaa, akaweka mikono juu ya meza, katikati ya sahani za wageni, akaitazama kama vifaa vya mtu mwingine. Kisha akauliza lile ambalo Cherehani alilingoja tangu kwenye basi la kurudi, lile ambalo jibu lake alikuwa amelinoa siku nne mfululizo.

"Aliniulizia?"

"Kila alipofumbua macho."

Likaingia. Aliliona likiingia. Mabega ya mumewe yalishuka, na Cherehani akangoja ile raha aliyoiahidi nafsi yake. Badala yake Kinyozi akainua uso.

"Ukamjibu nini?"

Hili hakuwa amejiandaa nalo. Alitafuta maneno, yeye ambaye hakuwahi kuyatafuta.

"Nilimwambia uko njiani."

"Mara zote?"

"Mara zote."

"Mpaka mwisho?"

Akaitikia kwa kichwa. Kinyozi alimtazama mkewe kwa muda, na ilikuwa kana kwamba ndiyo kwanza anamwona ni nani aliyekuwa akiishi naye.

Kesho yake alisafiri. Wifi alimtolea kiti nje, hakumkaribisha ndani. Kinyozi alijaribu kueleza kwamba hakujua. Wifi akasema mkeo alisema alikwambia, na mimi katika siku zile mkeo ndiye niliyemwona akimwosha mama yangu, wewe sikukuona. Akamwonyesha kaburi kwa kidole, akaingia ndani akafunga mlango. Kinyozi alikaa kaburini hadi jua lilipozama, akalala stendi.

Mtaani walisema atamfukuza mwanamke yule, na wengine walisema ampige kwanza. Cherehani naye alifikiri hivyo. Siku mume aliporudi alimkuta amefunga begi, ameliweka mlangoni, amekaa juu yake. Kinyozi alilichukua, akalirudisha uvunguni mwa kitanda.

"Huendi popote," alisema. "Kaa hapo. Anza tangu ulipofika kwa Mama."

Akaanza. Alidhani ni mara moja tu, kama ilivyo haki ya mtoto kujua. Lakini jioni iliyofuata, baada ya kula, Kinyozi alisogeza sahani pembeni na kumwambia aanze tena, na jioni ya tatu pia. Saluni aliifungua baada ya siku chache, akawa ananyoa bila kusema, na wateja wakaanza kwenda kwa kinyozi wa upande wa pili wa barabara, kule kwenye redio na utani. Kanisani walikaa benchi moja. Padri aliwaonea huruma, akawasifu kwa kushikamana katika msiba.

Mara moja Cherehani alikataa. Alisema amechoka, akaenda kulala kwa mwenzake wa dobi, siku mbili. Hakuna aliyemfuata kumrudisha. Alirudi mwenyewe, kwa sababu kule kwa mwenzake, usiku ulipotulia, alijikuta akiisimulia peke yake, ndani ya kichwa, na ilikuwa mbaya zaidi bila mtu wa kuisikia.

Mvua zikaja, zikakatika. Jioni moja, amechoka na kazi, mikono inanuka wanga wa shuka, alijaribu kufupisha. Aliruka kutoka siku aliyofika hadi Jumamosi ile, akatumaini haitaonekana.

Kinyozi alikuwa amefumba macho, ameegemea ukuta. Hakuyafumbua.

"Umeruka uji," alisema. "Juzi ulisema alikunywa vijiko viwili akakataa cha tatu, ndipo akauliza. Rudi nyuma."

Cherehani akarudi nyuma.